Kwa nini wakimbiaji wetu hawatoshi kupanda jedwali la Afrika

Tarehe 23 Machi 2024, Michezo ya 13 ya Afrika ilipofungwa mjini Accra, Misri ilikuwa kileleni mwa jedwali la medali ikiwa na dhahabu zaidi ya 100. Nigeria ilifuata kwa dhahabu 47, nyuma yake Afrika Kusini, Algeria, Tunisia na wenyeji Ghana. Katika sita hizo hapakuwa na nchi hata moja ya Afrika Mashariki.

Haikutimia miezi mitano, Olimpiki ya Paris ikaanza na kumalizika. Safari hii Kenya ndiyo iliyoongoza Afrika nzima: dhahabu 4, fedha 2, shaba 5, nafasi ya 17 duniani. Misri iliondoka na medali tatu, moja ya kila rangi. Nigeria, ya pili Accra, ilirudi nyumbani bila medali yoyote.

Wanamichezo walikuwa wa mataifa yaleyale, na mwaka ulikuwa uleule. Majedwali mawili yalitoa majibu yanayopingana kuhusu nani mkubwa wa michezo barani, na katika vijiwe vya Nairobi, Eldoret na Arusha wapo waliohitimisha haraka kwamba jedwali la Afrika halina maana, kwa kuwa bingwa wa kweli anapimwa Olimpiki. Hitimisho hilo linatupumbaza. Jedwali la Accra lilipima kitu halisi kabisa, na kitu hicho ndicho tulichopungukiwa.

Tuanze na namna jedwali linavyopangwa. Utaratibu uliozoeleka ni kuangalia dhahabu kwanza. Nchi zikilingana kwa dhahabu, inaangaliwa fedha, kisha shaba. Jumla ya medali haihesabiki katika kupanga nafasi. Michezo ya Afrika ya Rabat, mwaka 2019, ilitoa mfano ulio wazi: Afrika Kusini ilimaliza ya tatu ikiwa na medali 87, na Algeria ya nne ikiwa na medali 125. Algeria ilikuwa mbele kwa medali 38, lakini ilikuwa na dhahabu 33 na Afrika Kusini 36. Tofauti ya dhahabu tatu ikafuta yote mengine.

Wamarekani wana desturi yao ya kupanga kwa jumla. Mwaka 2008 Beijing, China ilipowazidi kwa dhahabu, magazeti mengi ya Marekani yaliendelea kuiweka Marekani juu kwa sababu ilikuwa na medali nyingi kwa ujumla. Paris 2024 nchi hizo mbili zilifungana kwa dhahabu 40 kila moja, na fedha ndizo zilizoamua: Marekani 44, China 27. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki yenyewe, kwa mujibu wa Mkataba wa Olimpiki, haipaswi kupanga nchi kwa nafasi. Jedwali linachapishwa kama taarifa tu. Hata hivyo mawaziri wa michezo hulisoma kama mzazi asomavyo ripoti ya shule, na fedha za mwaka unaofuata huombwa kwa kulitaja.

Njia zote mbili, ya dhahabu kwanza na ya jumla, zina sifa moja inayoiumiza Afrika Mashariki. Zinahesabu mashindano, hazihesabu jasho wala umaarufu wa mchezo. Timu ya soka ya wachezaji karibu ishirini ikicheza wiki mbili na kutwaa ubingwa, nchi inaandikiwa dhahabu moja. Mtu mmoja aliyeingia kwenye bwawa mara nne anaweza kuiandikia nchi yake dhahabu nne kabla ya chakula cha jioni cha siku ya tatu.

Accra ilionyesha hilo kwa Waganda. Vijana wa Uganda walifika fainali ya soka ya wanaume, ambayo katika michezo hii huchezwa na vijana wa chini ya miaka 20, wakafungwa na Ghana 1-0. Ilikuwa safari ya kujivunia. Kwenye jedwali ilisomeka fedha moja, sawasawa na fedha ya mtu aliyepoteza pambano moja la judo.

Sasa tufanye hesabu yenyewe, maana hapo ndipo penye kiini. Michezo ya Afrika ina mbio za kati na ndefu hizi: mita 800, mita 1,500, mita 5,000, mita 10,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na nusu marathoni. Ni sita. Wanaume na wanawake, ni kumi na mbili. Hizo ndizo mbio zilizolijenga jina la Kenya, Uganda na Ethiopia duniani, na sehemu ya jina la Tanzania pia. Tuseme nchi moja ya ukanda huu izoe zote kumi na mbili, ijapokuwa majirani wanazigombea kwa meno na kucha. Itakuwa na dhahabu 12. Misri ilipata dhahabu 102 Rabat.

Mchezo wa upanga, ambao Watanzania na Wakenya wengi hawajawahi kuuona kwa macho yao, una silaha tatu. Kila silaha ina shindano la mtu mmoja mmoja na la timu, wanaume na wanawake. Jumla ni dhahabu 12. Yaani chumba kimoja chenye watu waliovaa barakoa za wavu kinatoa dhahabu nyingi sawa na mbio zote za kati na ndefu pamoja. Misri, Tunisia na Algeria zimewekeza humo kwa miongo kadhaa, na ndizo zinazogawana.

Kunyanyua vitu vizito kunazidi hapo. Kwenye Olimpiki mnyanyuaji anapata medali moja kwa jumla ya uzani wake. Kwenye Michezo ya Afrika medali hutolewa mara tatu katika kila daraja: kwa kuinua chuma moja kwa moja hadi juu ya kichwa, kwa kuinua kupitia mabegani, na kwa jumla ya mawili hayo. Wakati wa Rabat shirikisho la kimataifa lilikuwa na madaraja 10 ya wanaume na 10 ya wanawake. Zidisha: dhahabu 60 katika mchezo mmoja, ndani ya ukumbi mmoja. Nigeria inalifahamu hilo vizuri sana. Accra, Rafiatu Lawal alipanda jukwaani akashuka na dhahabu tatu, na wenzake wakaongeza zao. Hakuna ujanja wowote hapo. Ni nchi iliyosoma ratiba ya mashindano, ikatambua palipo na dhahabu, ikawalea wasichana na wavulana wenye nguvu tangu wakiwa wadogo.

Bwawa la kuogelea nalo lina mashindano karibu arobaini. Judo ina madaraja saba kwa kila jinsia. Ongeza mieleka, karate, taekwondo, tenisi ya meza, ulengaji shabaha, makasia. Katika michezo mingi ya kupigana, wote wawili wanaopoteza nusu fainali hupewa shaba, na ndiyo maana idadi ya shaba huwa kubwa kuliko ya dhahabu. Nchi yenye watu katika kila daraja hujaza safu zote tatu.

Kenya ilirudi kutoka Rabat na medali 31, dhahabu 11 miongoni mwake. Karibu dhahabu zote zilitoka riadha. Moja ilitoka kwa Malkia Strikers, timu ya taifa ya voliboli ya wanawake, iliyotwaa ubingwa. Misri ilikuwa na medali 273. Ukizilinganisha namba hizo bila kufahamu zinatoka wapi, utadhani Mmisri ana kipaji mara tisa ya Mkenya. Ukweli ni kwamba Misri ilipeleka watu katika vyumba vingi ambavyo Kenya haikufungua hata mlango.

Hali haikuwa hivi kila wakati, angalau haikuonekana hivi.

Wazo la michezo ya bara hili ni la zamani kuliko uhuru wake. Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyefufua Olimpiki, alitaka Afrika iwe na michezo yake. Algiers ilitajwa kwa mwaka 1925, kisha Alexandria kwa 1929, na mara zote mbili haikufanyika, kwa kuwa serikali za kikoloni hazikutaka Waafrika wakusanyike na kujipima pamoja. Uhuru ulipowadia nchi zilizotawaliwa na Ufaransa zilianza na Michezo ya Urafiki, Antananarivo 1960, Abidjan 1961 na Dakar 1963. Ndipo Julai 1965 Brazzaville ikawapokea wanamichezo karibu 2,500 kutoka nchi 30 kwa Michezo ya kwanza ya Afrika.

Ratiba ya Brazzaville ilikuwa fupi, na ufupi huo uliwapendelea wakimbiaji. Kipchoge Keino alishinda mita 1,500 na mita 5,000. Wilson Kiprugut, aliyekuwa ameipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki Tokyo mwaka mmoja kabla, alishinda mita 400 na mita 800. Watu wawili, dhahabu nne, na katika michezo yenye mashindano machache dhahabu nne ni mali. Misri iliongoza jedwali hata wakati huo. Fainali ya soka kati ya wenyeji Kongo na Mali ilimalizika bila bao, na mshindi akapatikana kwa kuhesabu kona. Kongo walikuwa wamepiga nyingi zaidi, wakapewa dhahabu.

Michezo ya pili ilipangwa kufanyika Bamako mwaka 1969, mapinduzi ya kijeshi yakaivuruga, ikahamishiwa Lagos na hatimaye kuchezwa Januari 1973. Kwa Watanzania, Lagos ni jina lenye uzito. Filbert Bayi, kijana wa miaka 19 mzaliwa wa Karatu, alikimbia mita 1,500 kwa mtindo wake wa kuongoza tangu mwanzo, akamshinda Keino. Mwaka uliofuata, Christchurch nchini New Zealand, mtindo huohuo ulimpa rekodi ya dunia. Lagos ndipo pia John Akii-Bua wa Uganda, aliyetoka kutwaa dhahabu ya Olimpiki Munich, aliposhinda mita 400 kuruka viunzi, na Ben Jipcho wa Kenya akatwaa dhahabu mbili. Mkenya, Mtanzania na Mganda, wote wakiwa katika ubora wa dunia, uwanja mmoja, wiki moja. Kileleni mwa jedwali ilikuwa Misri tena, na Nigeria ikafuata.

Hilo linapaswa kutufikirisha. Hata kizazi kile cha dhahabu, ambacho wazee wanakitaja hadi leo, hakikuigusa nafasi ya kwanza.

Algiers 1978 iliharibika kwa Misri kabla ya kumalizika. Vurugu zilizuka katika mechi yao ya soka dhidi ya Libya, na Cairo ikawaondoa wanamichezo wake wote. Bayi alitetea ubingwa wake wa mita 1,500. Henry Rono wa Kenya, ambaye mwaka huohuo aliweka rekodi nne za dunia katika siku 81, alishinda mita 10,000 na mbio za kuruka viunzi na maji. Kisha ikaja miaka tisa ya kimya.

Nairobi ilipokabidhiwa uenyeji wa Agosti 1987, ilijenga Kasarani kwa msaada wa China: uwanja mkuu, ukumbi wa ndani, bwawa. Kenya haijawahi kuandaa jambo kubwa la michezo la namna ile kabla wala baada. Harambee Stars, timu ya taifa ya soka ya Kenya, walifika fainali wakafungwa na Misri 1-0, na wapo Wakenya wa umri fulani ambao hadi leo hawajaisahau jioni ile. Mabondia wa Kenya walitamba nyumbani, na mwaka mmoja baadaye Robert Wangila akatwaa dhahabu ya ndondi katika Olimpiki ya Seoul. Mpaka sasa hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imeipata nje ya riadha.

Hapa kuna jambo linalostahili kusemwa bila kuzungukazunguka. Mwaka 1987 na 1988 Kenya ilikuwa na ndondi, ilikuwa na voliboli, ilikuwa na kumbi mpya. Mlango wa vyumba vingine ulikuwa wazi. Miaka iliyofuata uliachwa ujifunge wenyewe, huku wakimbiaji wakiendelea kuleta sifa nyingi kiasi kwamba hakuna aliyeona haraka ya kuuliza habari za wengine. Ushindi wa riadha uliwafunika mabondia, na mpaka leo bado unawafunika.

Mwenyeji hufaidika daima, na kwa sababu zinazoeleweka. Anaingiza timu katika kila mchezo, wanamichezo wake hawasafiri, watazamaji ni wake, na ana sauti katika kupanga michezo itakayochezwa. Afrika Kusini iliongoza Johannesburg 1999. Nigeria iliongoza Abuja 2003. Harare 1995 palikuwa tofauti, kwa kuwa Afrika Kusini, iliyokuwa imefungiwa miaka yote ya ubaguzi wa rangi, ilikuja kwa mara ya kwanza ikaipita Misri kwa dhahabu chache tu bila kuwa mwenyeji. Kwa nchi iliyokuwa na mabwawa na viwanja vya kila aina, ingawa kwa muda mrefu vilijengwa kwa ajili ya wachache, haikushangaza.

Ghana ni mfano wa karibuni. Rabat 2019 ilikuwa na dhahabu mbili, moja ya Rose Yeboah katika kuruka juu na nyingine ya wanaume wa mita 100 mara nne kupokezana vijiti. Accra, nyumbani, ilimaliza ya sita kwa dhahabu 19. Sehemu kubwa ya medali zake ilitoka kwenye mchezo wa kulazana mkono mezani, ambao haukuwamo Rabat. Soka nayo ilileta mbili, wanaume na wanawake. Wapo walionung'unika kuhusu kulazana mkono. Manung'uniko hayo hayana msingi, kwa sababu kila nchi ilikuwa huru kupeleka watu, na Ghana ilikuwa imewaandaa wa kwake.

Siri ya Misri, kama inafaa kuitwa siri, Waafrika Mashariki wameiona kwa macho bila kuitambua. Mashabiki wa Simba na Yanga wanazijua Al Ahly na Zamalek kama vilabu vya soka. Wanakumbuka Simba ikiivua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa penalti jijini Cairo mwaka 2003, na bao la Luis Miquissone lililoizamisha Al Ahly Dar es Salaam Februari 2021. Lakini Al Ahly, iliyoanzishwa 1907, na Zamalek, iliyoanzishwa 1911, ni zaidi ya soka. Vina timu za mpira wa mikono, voliboli, mpira wa kikapu, kuogelea na mengineyo. Mwanachama hulipia familia. Watoto hupelekwa klabuni baada ya shule, mmoja anaingia bwawani, mwingine anavaa mkanda wa judo, wa tatu anashika kibao cha tenisi ya meza. Vilabu vya kijamii vya Cairo na Alexandria hufanya kazi hiyohiyo. Mshindi wa dhahabu wa Michezo ya Afrika anaanzia hapo akiwa na miaka sita au saba, miaka mingi kabla serikali haijamjua.

Utaratibu huo una upungufu wake. Unawahudumia zaidi wenye uwezo wa kulipa ada, na kijana wa kijiji cha Misri ya juu hana klabu ya namna hiyo mlangoni. Haujazuia aibu pia: kwa ajili ya matumizi ya dawa zilizokatazwa miongoni mwa wanyanyuaji vijana, Misri ilifungiwa ikakosa mchezo huo katika Olimpiki ya Tokyo. Sara Samir, aliyekuwa na shaba ya Rio, alikaa nyumbani kwa makosa ambayo hayakuwa yake, akarudi Paris kuchukua fedha. Paris hiyohiyo iliionyesha Misri kwamba upana si urefu, kwani kutawala Afrika katika michezo ishirini hakujaiwezesha kutawala mmoja duniani ndani ya Olimpiki.

Ndiyo maana majedwali yale mawili ya 2024 hayapingani kama yanavyoonekana. Medali zote 11 za Kenya Paris zilikuwa za riadha. Dhahabu nne zilitoka kwa watu watatu: Beatrice Chebet alishinda mita 5,000 na mita 10,000, Faith Kipyegon mita 1,500, Emmanuel Wanyonyi mita 800. Ni kilele kirefu mno chenye kitako chembamba.

Na hata kitako hicho kinavuja. Bingwa wa Paris wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa wanawake ni Winfred Yavi, aliyezaliwa Ukambani na anayeikimbilia Bahrain. Nyuma yake alifika Peruth Chemutai wa Uganda, kisha Faith Cherotich wa Kenya. Kabla yake Ruth Jebet, naye mzaliwa wa Kenya, aliipa Bahrain dhahabu ya mbio hizohizo Rio 2016. Yavi ana dhahabu za Michezo ya Asia pia, kwa hiyo kipaji kilichozaliwa Afrika Mashariki kinahesabiwa katika jedwali la bara jingine. Hakuna haja ya kuwalaumu wanawake hawa. Katika taifa ambamo nafasi tatu za mbio moja zinagombewa na mabingwa ishirini, mwenye umri na njaa ya kushinda huangalia kwingine. Lawama, kama ipo, ni ya mfumo uliowaelekeza wote kwenye mlango mmoja.

Mfano unaotia moyo zaidi unatoka Nandi. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za warushaji wa Ulaya kwenye YouTube, kwa sababu hakuwa na kocha wa mchezo huo. Alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika Maputo 2011, akawa bingwa wa dunia Beijing 2015 kwa mita 92.72, akachukua fedha ya Olimpiki Rio, akarudia dhahabu ya Afrika Rabat na tena Accra. Miaka kumi na mitatu ya ubora kwa mtu aliyeanza peke yake! Swali ambalo shirikisho lolote lingepaswa kujiuliza ni hili: nyuma yake kuna nani? Kituo cha mkuki kingekuwa kimesimama zamani, katika nchi ambayo vijana wa malishoni hurusha fimbo tangu utotoni.

Netiboli inaumiza kwa namna nyingine. Ndio mchezo wa wasichana katika shule za Tanzania, Uganda na Malawi, unaochezwa kwenye kiwanja cha udongo kwa mpira mmoja. Uganda, kwa timu yake ya She Cranes, ilimaliza ya tano duniani katika Kombe la Dunia la Cape Town mwaka 2023. Nafasi ya tano duniani, na Rabat na Accra netiboli haikuwamo kabisa katika ratiba. Misri ina malalamiko ya aina hiyo upande wa skwashi, mchezo inaoutawala dunia nzima na ambao Rabat pia haukuchezwa, lakini Misri ina mingine ishirini ya kujifariji. Uganda haina.

Michezo ijayo ya Afrika imepangwa kufanyika Misri mwaka 2027. Mwaka huohuo ndio wa AFCON, michuano ya soka ya mataifa ya Afrika, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa uenyeji kwa pamoja, na ndiyo inayozisukuma serikali tatu kumwaga saruji Nairobi, Arusha na Hoima. Viwanja hivyo vinahitajika. Soka ndiyo mapenzi ya watu, na hakuna anayepaswa kuomba radhi kwa kuijengea nyumba. Ila kwa jedwali la medali, soka ya wanaume na wanawake ina dhahabu mbili tu.

Kwa sehemu ndogo ya gharama ya uwanja mmoja, mkoa unaweza kupata mikeka ya judo na mieleka, vyuma vya kunyanyulia, ulingo na makocha wa kudumu wanaolipwa kila mwezi. Tanzania ina ushahidi wa karibu: Birmingham 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walirudi na shaba mbili za ngumi, wakikaa bega kwa bega na fedha ya Alphonce Simbu katika marathoni. Simbu aliendelea hadi kuwa bingwa wa dunia Tokyo mwaka 2025, wa kwanza wa riadha katika historia ya Tanzania. Mabondia wanahitaji njia ya kupandia kama aliyokuwa nayo yeye: kambi isiyosubiri mwezi wa mwisho, mapambano ya kimataifa kila mwaka, na ajira jeshini au magereza wanayoweza kuitegemea. UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, hukusanya maelfu ya wanafunzi kila mwaka, na kati yao wamo wenye mabega ya kunyanyua na miguu ya mieleka ambao hupimwa kwa michezo kama soka, riadha na netiboli, kisha hurudi nyumbani. Kuongeza judo na kunyanyua vitu vizito katika mashindano hayo ni uamuzi wa kikao cha wizara. Wanafunzi wa kidato cha tatu leo ndio watakaokuwa na umri wa kushindana katika michezo itakayofuata ile ya Misri, mwaka 2031.